Kruzi ya kwanza na familia nzima, watoto 3 na mama mzazi. Mliowahi kupanda hizi meli njooni kabla sijalipa

BabaWatatu

Wakuu kwema? Naombeni mawazo kwa yeyote aliyewahi kupanda meli za kitalii akiwa na familia, sio yule aliyeenda peke yake au na mchumba, namaanisha familia ile ya kuhesabiana vichwa kila mkitoka mlangoni.

Iko hivi, mimi na waifu tumeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya likizo moja ya maana na yeye ndo akaja na wazo la kruzi. Mwanzo nilicheka nikamwambia hayo mambo ya wazee waliostaafu, alafu nikafungua video moja, ikaja ya pili, ya tatu, saivi mimi ndo nimekolea kuliko yeye, nakesha mpaka saa nane usiku namwangalia mtu nisiyemjua akinionyesha choo cha kabini yake.

Tutakuwa 6. Mimi, waifu, binti wa miaka 14 ambaye simu haimtoki mkononi, wa kiume wa miaka 8 ambaye hatulii hata akiwa usingizini, mdogo wa mwaka mmoja na nusu, na mama yangu mzazi miaka 71, ana presha na goti moja linamsumbua na hajawahi kulala juu ya maji hata siku moja. Nilipomwambia alikaa kimya muda mrefu alafu akasema atakuja, mradi asife kwa kutapika.

Njia niliyoipenda ni ya usiku 7, meli inatoka Piraeus kule Ugiriki, inaenda Mykonos, Santorini, Kuşadası ya Uturuki, Rhodes na visiwa vingine viwili alafu inarudi ilikotoka, yani kila ukiamka uko mji mwingine, na nimelenga mwezi wa 7 kwa sababu watoto watakuwa wamefunga shule. Ajenti anataka amana wiki hii. Sasa kabla sijatoa hela naomba kujua, kabini za aina gani zinafaa kwa watu 6, hili suala la kutapika ni kweli au watu wanakuza, kuna hela gani ajenti hazisemi, na huyu mdogo ataweza au ndo tunahamisha ulezi kutoka nyumbani kwenda baharini. Naomba kuwasilisha.

SitiYaMbele

Naweka kambi hapa mkuu, na mimi nina mpango huo huo ila bado sijamwambia mwenzangu. Waje wajuzi.

NangaJuu

Mkuu umefika penyewe. Mimi nimefanya kazi humo, mikataba minne, kila mkataba miezi saba hadi nane bila siku ya kupumzika, upande wa vyumba, ndo sisi tunaotandika na kukunja mataulo yakawa tembo na nyani, mkirudi kula mnawakuta wamekaa kitandani wanawaangalia. Kwaiyo nitakujibu kwa nilichoona familia zikifanya.

Tuanze na kutapika mana ndo kinachomnyima mama usingizi. Meli inayumba kwa namna mbili. Kuna kwenda mrama, inalalia ubavu huu mara ubavu ule, na kuna ile ya omo, yani mbele, kupanda na tezi, yani nyuma, kushuka. Ile ya kwanza meli za siku hizi zimeipunguza sana, zina mapezi chini ya maji kila ubavu, yanajigeuza yenyewe kupingana na wimbi, na bahari ikitulia yanakunjwa ndani. Ile ya pili mapezi hayaisaidii kitu. Fikiria ile bembea ya ubao ambayo mtoto mmoja anakaa huku na mwingine kule, wa kwenye ncha anarushwa, aliyesimama katikati hata habari hana. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ngamani, na kwenye kubuku kabini wewe usingoje hayo marejeo, anzia ngamani moja kwa moja. Katikati ya meli, sitaha (ghorofa za meli) za chini chini. Watu wanakimbilia juu kwa ajili ya kuona mbali, na kweli unaona mbali, ila juu ndo kunayumba zaidi, na ukipangiwa chini ya sitaha ya bwawa utasikia viti vinaburutwa tangu alfajiri mpaka ukome.

Kitu cha pili, hiyo njia na huo mwezi. Ajenti amekutajia meltemi? Ni upepo wa kaskazini unaopiga bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, na mwezi wa 7 na wa 8 ndo msimu wake hasa. Unadanganya huo upepo, unaamka mbingu ya bluu hakuna hata wingu, jua linawaka, unasema leo shwari, ukitoka nje kofia inaenda zake. Sisi tulikuwa tukijua siku hiyo glasi zitavunjika. Na visiwa kama Mykonos na Santorini nahodha akiona upepo umezidi anapita tu, hashushi mtu, na mkataba uliosaini unamruhusu. Sisemi usiende, nasema mama yako wa kwanza-kwanza baharini ungemtafutia mwezi wa 5 mwishoni au wa 9, na kama shule haziruhusu basi tafuta njia nyingine yenye bandari chache.

Mana hilo ndo la tatu na mimi naliona kubwa kuliko yote. Bandari 6 kwa siku 7 ukiwa na bibi mwenye goti na mtoto anayelala mchana? Nilikuwa nawaona siku ya nne wanarudi melini baba amebeba mtoto, mama amebeba begi, bibi amebaki nyuma hatua ishirini, na hakuna anayeongea na mwenzake. Tafuta njia yenye angalau siku mbili za kukaa baharini bila kushuka popote. Siku hizo ndo meli inageuka likizo, bwawa, michezo, kulala, kula, kulala tena.

Kuhusu zoezi la usalama la siku ya kwanza msilikwepe hata kama binti atanuna. Ile meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012 walikufa watu 32, na walikuwepo abiria waliopanda siku hiyo hiyo ambao zoezi lilikuwa bado, sheria ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Baada ya pale sheria ya kimataifa ikabadilishwa, zoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Siku hizi meli nyingi unaangalia video kwenye simu alafu unaenda kituoni kwako, pale mnapokusanyika ikitokea dharura, kuthibitisha umekijua kilipo, dakika chache imeisha. Wewe ukichukua kabini mbili hakikisha zote zina kituo kimoja, mkiwa mnabuku kabini za mbali mbali mnaweza kujikuta bibi kituo kingine na nyie kingine, ukigundua hivyo nenda mapokezi siku hiyo hiyo.

MamaPacha

@BabaWatatu mimi nilienda na wangu wakiwa na miezi 20 kwaiyo huyo wako mdogo namjua vizuri 😅

Kwanza ulizia umri, meli nyingi zinapokea mtoto kuanzia miezi 6, na zile safari za kuvuka bahari kuu au za siku nyingi bila bandari zinataka awe amefikisha mwaka, wako amevuka hapo kote. Lakini klabu ya watoto, ile ya kuwaacha wacheze nyie mkapumue, nyingi zinaanzia miaka 3 na awe ameshaacha pampasi. Wako hayumo. Kwaiyo yule wa miaka 8 utamsahau huko mpaka umlazimishe kutoka, huyu mdogo utakuwa naye wewe. Meli chache zina chumba cha watoto wachanga cha kulipia kwa saa na nafasi ni chache mno, kama meli yako inacho basi ukipanda tu usiende kula kwanza, nenda kapange foleni ya hicho chumba.

La pili, bwawa. Hili hakuna aliyeniambia na nililia. Mtoto wa pampasi haruhusiwi kwenye bwawa la meli hata akivaa ile ya kuogelea, ni mambo ya afya. Baadhi ya meli zina kisehemu cha maji ya kurukaruka kwa ajili yao, nyingine hazina kabisa. Mimi nilikuwa nimewanunulia mpaka miwani ya kuogelea, tukaishia kukaa pembeni tunaangalia maji kama tumefungiwa kesi. Chagua meli kwa kuangalia hicho kisehemu kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Kitanda cha mtoto omba wakati wa kubuku, usisubiri kufika. Na ukichukua kabini ya ndani isiyo na dirisha ujue giza lake sio giza la kawaida, ukizima taa huoni hata mkono wako, mchana na usiku ni mmoja, mtoto analala vizuri mpaka raha ila mkubwa akiamka kwenda chooni anapiga kidole kila kona. Sisi tulikuwa tunawasha tivii kwenye ile chaneli inayoonyesha kamera ya mbele ya meli, tunatoa sauti, usiku ni nyeusi tupu inatoa mwanga kidogo tu, ikianza kuwa ya kijivu unajua kumekucha.

Alafu mikono jamani. Sabuni na maji, sio ile jeli ya kupaka peke yake. Yule kirusi wa kuharisha na kutapika wanayemwita norovirus hafi vizuri kwa jeli ya spiriti, na melini watu wote mnashika vijiko vile vile vya bafee. Kabla ya kula kila mtu sinki. Mimi niliwaimbisha.

KichwaNgumu

Mimi nitakuwa tofauti hapa. Kruzi ni hoteli ambayo huwezi kutoka. Nilienda mara moja na familia ya watu watano, tangazo lilisema kila kitu kimelipiwa, kufika kule maji ya chupa hela, soda hela, waifai hela tena kwa kila kifaa, picha wanakupiga kwa nguvu mlangoni alafu wanakuuzia, mgahawa mzuri hela, bafee ndo ya bure na foleni yake sasa. Na kila siku wanakata tipu kwa kila kichwa mpaka mtoto ambaye hata hajui tipu ni nini. Siku ya mwisho nikaletewa bili nikadhani ni ya kabini nzima ya jirani. Chukua hiyo hela mkuu nenda sehemu moja kaa siku 7 tulia.

NangaJuu

@KichwaNgumu kwenye bili sikupingi ila kwenye tipu nitasema. Hiyo inayokatwa kila siku kwa kila mtu ndo sehemu ya kipato cha waliokutandikia kitanda, na waliokupikia usiowaona kabisa. Kampuni ingeweza kuiweka kwenye nauli yakaisha, haiweki kwa sababu nauli ya tangazo itaonekana kubwa, hapo ulaumu kampuni. Ila ukienda mapokezi kuiondoa, na niliona watu wanaiondoa siku ya mwisho asubuhi alafu wanapita koridoni wananikumbatia na kunishukuru, unamnyima mtu wa chini. Mtoa mada iweke kwenye bajeti toka mwanzo kama nauli, zidisha kwa watu 6 kwa siku zote, ukae na amani.

Nyingine za kuweka kwenye hesabu, kifurushi cha vinywaji, meli nyingi zinataka watu wazima wote wa kabini moja wachukue, huwezi kuchukua mmoja mkanywa wawili. Maji ya kawaida, chai na kahawa ya bafee kwa kawaida ni bure, beba chupa zako tupu. Daktari wa melini yupo ila analipwa papo hapo kama hospitali binafsi na wewe ndo utadai bima yako baadae. Na melini hela taslimu haitumiki, unafungua akaunti kwa kadi, ukitumia ile ya benki inayokata moja kwa moja kampuni inaweza kuzuia kiasi fulani kila siku kwenye akaunti yako hata kama hujakitumia, unafika bandarini unataka kununua kofia kadi inakataa. Angalia bili yako kila jioni kwenye tivii au apu, usingoje siku ya mwisho kama jamaa yetu hapa.

ShangaziMsafiri

Habari zenu wanangu. Mimi nina miaka 66 na nimepanda mara tatu, mbili na wajukuu, kwaiyo acheni niseme upande wa bibi mana naona mnamjadili kama mzigo.

Mwanangu BabaWatatu, Santorini meli haifungi gati. Inakaa katikati ya maji, mnashushwa kwa viboti wanaviita tenda (sio zile za serikali), unavuka kutoka meli kwenda kiboti na vyote viwili vinacheza, mabaharia wanakushika huku na huku. Ukifika chini kule bandari ya zamani mji uko juu ya jabali, na kupanda ni kwa gari la kamba, au ngazi, au punda, na foleni ya hilo gari la kamba meli zikiwa nyingi unaweza kusimama juani mpaka hamu iishe. Mimi nilipanda, nilifurahi, sijutii, lakini goti langu lilikuwa zima. Kushuka Rhodes ni kitu kingine kabisa, meli inafunga gati, ukuta wa mji wa kale unauona kutoka sitahani, mnatembea polepole, ingawa mawe yao ya njiani yanahitaji kiatu cha maana. Kuşadası mnafunga gati pia, ila wakiwapeleka magofu ya Efeso ujue ni kutembea juu ya marumaru, kivuli hakuna, na kwa mwezi wa 7 saa sita mchana usimpeleke mama yako huko.

Kwaiyo ulizia kila bandari maswali mawili tu, mnafunga gati au mnashushwa kwa kiboti, na mji wenyewe uko umbali gani. Ukiona wameandika Roma, meli inafunga Civitavecchia, zaidi ya saa moja kwa gari. Wakiandika Paris ni Le Havre, mnaweza kumaliza nusu ya siku kwenye basi. Na siku ile mama atakayosema leo sishuki, mwacheni. Siku nzuri kuliko zote kwangu ilikuwa ile watu wote wameshuka, bwawa tupu, kiti ninachotaka, chai inakuja.

Dawa zake zote aweke kwenye mkoba wa mkononi. Mabegi makubwa mnayakabidhi bandarini na yanaweza kuja mlangoni mwa kabini jioni, sasa presha haisubiri jioni. Weka humo na nguo za kuogelea za watoto ili wasikae wanalia wakati wenzao wako majini. Dawa ya kichefuchefu aulize kwa daktari wake kabla hamjaondoka, nyingine zinagongana na za presha, na kile kiplasta cha kubandika nyuma ya sikio ni cha watu wazima, msikibandike kwa watoto, na hata wazee kinaweza kuwachanganya kichwa. Na zinamezwa kabla ya mawimbi, ukishaanza kutapika umechelewa. Mimi tangawizi na kukaa sehemu naona upeo wa bahari vilinitosha.

Bima ichukueni na iwe inataja kabisa kumtoa mgonjwa melini kumpeleka hospitali ya nchi kavu. Isiyotaja hilo hata msiisaini.

Alafu niwachekeshe. Shemeji yangu nusura aachwe na meli mbele ya macho yetu. Karatasi iliandika wote muwe ndani 4:30, yeye kichwani kasoma saa nne na nusu, akasema aa mbona usiku kabisa, akaenda zake kula. Tulimwona anakimbia gatini na mifuko, ngazi inataka kutolewa, sitaha nzima wanashangilia kama mpira. Alifika, lakini nguo aliyovaa siku ile hajaivaa tena. Saa zote za meli wekeni kwa saa 24, na mfuate saa ya meli, simu inaweza kujibadilisha yenyewe kwa saa ya nchi mliyofika wakati meli imebaki na yake.

MamaPacha

Shemeji na mifuko 😂😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka

BabaWatatu

Asanteni sana wakuu, shangazi shikamoo, nimesoma yote na waifu amesoma yote na tumegombana kidogo hapa ila kwa amani. Hili la kiboti sikulijua kabisa, nilikuwa najiona naangalia picha za kuta nyeupe na mimi nimesimama pale, sikufikiria mama anafikaje.

Maswali mawili yamebaki. Viza, ajenti kasema "mtajaza tu Schengen yatakwisha", ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni kweli? Na binti wa 14, waifu anaogopa atapotea kwenye meli yenye watu elfu tano.

NangaJuu

Viza usiende kwa neno "tu". Angalia ramani ya njia yako. Unaingia Ugiriki, hiyo ni Schengen umeingia mara ya kwanza. Meli inaenda Uturuki, hapo umetoka Schengen. Inarudi Rhodes, umeingia mara ya pili. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja tu umekwama, na hata huko Rhodes hamfiki, mnazuiwa mapema kwenye meza ya kupandia meli, mbele ya watoto, na nauli hairudi. Ombeni ya kuingia mara nyingi, wote sita. Na Uturuki ulizia ubalozi wao wanasemaje kwa pasipoti yenu, hata kama mnapanga msishuke siku hiyo, mana kampuni nyingi zinataka karatasi za kila nchi kwenye njia. Na jukumu la viza liko kwa abiria, sio kwa ajenti.

Nyingine, mfike mji wa kupandia siku moja kabla. Usipange ndege ifike asubuhi na meli iondoke jioni. Ndege ikichelewa meli haiwasubiri. Hata kwenye bandari za njiani ni hivyo hivyo, mkienda na ziara ya meli yenyewe mkachelewa meli inawasubiri au inawagharamia kuifuata, mkienda na teksi yenu mmeachwa.

Binti usiogope. Meli nyingi zina klabu yao, mara nyingi ya miaka 13 mpaka 17, siku ya kwanza jioni wanafanya utambulisho, hiyo ndo muhimu kuliko zote, akiikosa marafiki wanakuwa wameshapatikana na yeye atawasumbua nyie wiki nzima. Mkubaliane tu mnakula chakula cha jioni pamoja na saa ya kurudi kabini. Waifai ya kupiga soga mtandaoni mnyime mkiweza, mpe ile apu ya meli inayotuma ujumbe kati yenu, kwenye meli nyingi ni bure au karibu na bure. Na kila simu iwe kwenye hali ya ndege tangu gatini, mana katikati ya bahari simu inashika mtandao wa meli wa setilaiti na romingi yake itakufilisi kwa dakika za video alizoacha zinajicheza. Kuhusu kupotea, siku mbili za kwanza kila mtu anapotea. Kuna meli zulia la koridoni limechorwa samaki na wote wanaelekea omo, ukiwafuata unajua uendako. Na kwenye lifti za baadhi ya meli wanabadilisha zulia kila siku lina jina la siku, utacheka ila siku ya tano utakuwa unalitegemea.

KichwaNgumu

Sawa mmenishinda kwa wingi. Ila msiseme sikuwaambia. Na beba klipu za kubania taulo kwenye kiti cha bwawa, upepo hauna adabu.

Pasi ya nguo na ile waya ya soketi nyingi msibebe, zinachukuliwa mlangoni, mimi yangu ilichukuliwa. Kuta za kabini nyingi ni chuma, vilimu vya sumaku vya kuning'iniza vitu ndo vinasaidia mana kabati ni la mtu mmoja na nusu.

ShangaziMsafiri

Kumbe ulienda na pasi 😄 Vilimu au vilabu, sema ndoano za sumaku mwanangu tuelewane.

KichwaNgumu

Ndoano, ndoano, simu imejiandikia yenyewe.

BabaWatatu

Narudi na mrejesho kabla uzi haujalala. Nimempigia ajenti, ile njia ya bandari sita nimeiacha. Tumepata nyingine ya usiku 7, bandari nne, siku mbili za baharini, bandari zote inafunga gati, na meli ina kile kisehemu cha maji cha watoto wa pampasi, nimemfanya anitumie picha. Mwezi umebaki wa 7 shule ni shule ila sio Aegean tena. Viza tunaomba ya kuingia mara nyingi.

Kabini ndo ilikuwa vita. Mimi na mafunzo yangu ya ngamani nimechukua mbili za ndani, katikati, chini, zilizopakana, moja ya mimi na waifu na wadogo wawili, moja ya mama na binti. Nikampigia mama kwa furaha kumwelezea mapezi na bembea ya ubao. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza, kwaiyo sitaona maji? Nikamwambia ndio mama, ndo vizuri, hutaogopa. Akasema maji anayoyaona hayaogopi, anayoyaogopa ni asiyoyaona yanayogonga ukuta usiku.

Sijui nifanye nini wakuu.

NangaJuu

Badilisha ya mama tu, mpe ya dirisha, sitaha hiyo hiyo, katikati hapo hapo. Koridoni mtatazamana, yeye upande wa nje nyie upande wa ndani, familia nyingi zinafanya hivyo na tofauti ya nauli ni ya kabini moja. Usimpe ya balkoni kwa sababu mdogo atakuwa anashinda humo. Dirisha la sitaha za chini halifunguki.

ShangaziMsafiri

Na mwambie binti kitanda cha karibu na dirisha ni cha bibi. Mwambie sasa hivi, sio siku ya kupanda.

BabaWatatu

Nimebadilisha. Amana nimelipa leo saa tisa. Binti kanuna.